Bibi Yangu, Mke Wake, na Ndege Iliyowaacha

Bi Sabaha, shikamoo.

Jambo ninalokuandikia leo sijamwambia mtu yeyote, si rafiki yangu Teresia ambaye kitanda chake kimepakana na changu bwenini, si padri, si mwalimu wetu wa darasa: nyumbani kwetu hakuna baba, na si kwamba alikufa wala alitukimbia, hajawahi kuwepo. Mama yangu, Ghati, aliolewa na bibi yangu, Wegesa. Nakuomba usicheke kwanza, usome mpaka mwisho, kwa sababu nina shida na sina mtu mwingine wa kumwuliza ila wewe unayewajibu wasomaji gazetini.

Kwetu Tarime nyumba ya namna hii huitwa nyumba ntobu. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, kama ana ng'ombe wake, anaweza kutoa mahari akaoa msichana ili nyumba yake isife, na watoto atakaowazaa msichana huyo, kwa mwanamume yeyote, ni wa nyumba hiyo, wanarithi shamba na ng'ombe kama watoto wengine. Bibi alizaa mabinti watupu, mume wake mzee Nyangwine akafariki, mabinti wakaolewa, na ng'ombe walioingia kwa ajili yao ndio aliowatoa kumwoa Mama. Mama humwita Wegesa Mama, mimi namwita Bibi, na pale kijijini kwetu Gorong'a hakuna anayeshangaa wala kuuliza. Lakini shuleni ni mbali na nyumbani, wanafunzi wametoka Bukoba na Singida na Moshi, na wakianza kusimulia habari za baba zao mimi hufungua kitabu. Mimi ni mtu wa vitabu, Bi Sabaha, sauti yangu ni ndogo, mwalimu wa Kiswahili huniambia, "Binti, soma kama mtu aliyekula," darasa hucheka, nami huzidi kuipunguza.

Sasa shida yenyewe. Tangu tulipohamia kijiji cha ujamaa, Bibi na Mama wamelima shamba lao la mahindi na ulezi na sehemu yao ya shamba la kijiji kwa namna ambayo hata watu wasiotupenda husimama njiani kutazama, na mwaka huu chama cha ushirika kilitangaza kwamba mkulima bora wa wilaya na mwenzi wake watapelekwa Bulgaria, nchi rafiki, wakapumzike wiki mbili katika nyumba ya wakulima iliyo kando ya bahari, chakula bure, ndege bure, kazi yao kulala na kutazama maji. Mkulima bora akatangazwa Nyangwine wa Gorong'a. Waliotangaza walidhani Nyangwine ni mwanamume mwenye mke. Sisi tulidhani wanajua. Kijiji kizima kilicheza mpaka vumbi likaingia kwenye pombe, na mimi nikaombewa ruhusa shuleni niwasindikize mpaka uwanja wa ndege, kwa kuwa Bibi anasema Kikurya tu na Kiswahili cha Mama ni cha sokoni.

Uwanja wenyewe sitautaja, ila uko huku kwetu kwenye Ziwa, na ndege ilikuwa iwachukue hapo iwapeleke Nairobi na kuendelea mpaka Ulaya. Tulifika asubuhi kama tulivyoambiwa. Ndege haikuwepo. Tukaambiwa tukae, tukakaa, tukaambiwa tusimame tupange mstari, tukapanga, akaja mtu mwingine akasema mstari si huu, tukahama, na tulipofika mbele wakafunga kwa ajili ya chakula cha mchana. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma tu, kila kikikoroma watu wote wanainuka na mabegi yao, kisha wanatazamana na kukaa tena. Bibi akaniuliza, "Hawa wote wanaogopa nini?" Nikamwambia hawaogopi, wanasubiri. Akasema, "Basi wamefundishwa vibaya. Mtu akisubiri hukaa."

Kwenye mizani kukawa na neno jingine. Bibi alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando, kwa sababu hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu, na kijana wa mizani akasema maziwa hayapandi ndege. Bibi hakubishana. Alikaa chini akafungua kibuyu akaanza kuwanywesha abiria, mmoja baada ya mwingine, mpaka mzungu mmoja mwenye kofia, na yule kijana wa mizani naye akanywa, akafuta mdomo, akasema mizigo iliyobaki haina tatizo. Kwa kitambo kidogo ukumbi ule ulikuwa kama nyumbani kwetu, na nilifikiri taabu imekwisha.

Ndipo tukafika kwa afisa wa pasipoti. Alizifungua zote mbili, akatazama tiketi, akasema, "Hizi tiketi ni za mume na mke. Nyangwine mwenyewe yuko wapi?"

"Ni huyu," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Ni huyu, bibi yangu."

Akamgeukia Mama. "Na wewe ni nani wake?"

Mama ni mkweli, hajui kusema kitu pembeni. Akajibu kama ambavyo angemjibu mtu yeyote wa Gorong'a: "Mimi ni mke wake."

"Mke wa nani?"

"Wa huyu." Akamwonyesha Bibi kwa kidevu.

Afisa akaweka muhuri chini. Akamwita mwenzake, "Hebu njoo, ndugu yangu, usikie maajabu ya Mara!" Mwenzake akaja, na wengine wakaja, wakataka Mama arudie, naye akarudia, kwa sababu alidhani hawakusikia. Bibi akaniuliza, "Anasema nini huyu mura, huyu kijana? Mwambie ng'ombe nilitoa mimi, na walihesabiwa mchana mbele za watu." Nikatafsiri kama nilivyoweza. Afisa akasema, "Ng'ombe hawapandi ndege, bibi. Mimi nataka mume." Bibi akasema, "Mwambie mume alikufa. Kama anamtaka sana amfuate huko, mimi nitamngoja hapa, leo nimeshazoea kungoja." Hilo pia nikalitafsiri, Bi Sabaha, kwa sauti yangu ndogo, na labda ingefaa nisilitafsiri, kwa maana uso wa yule afisa ulibadilika, akasema tunaidhihaki serikali, akazirudisha pasipoti, akasema tutoke kwenye mstari tuwapishe watu wenye safari.

Ndege ikaja jioni. Tuliitazama kupitia waya wa seng'enge ikipakia watu walionywa maziwa yetu, ikakimbia, ikapaa. Viti viwili ndani yake vilikuwa vitupu. Mama alikuwa amevaa viatu vipya, akavivua akavitia kwenye mfuko. Bibi alisema, "Ina kelele sana kwa kitu kisichotoa maziwa," kisha akabeba mfuko wa Mama na kututangulia njiani.

Sasa chama kimesema kuna kundi jingine la wakulima litakaloondoka mwezi ujao, na nafasi yetu bado ipo, lakini nyumba ile ya mapumziko ni ya mume na mke, kwa hiyo tupeleke mume. Na mume amepatikana. Baba Mdogo Heche, ambaye baba yake na marehemu Nyangwine walikuwa ndugu, amesema yeye ni Nyangwine halali, atakwenda na Mama. Ameshashonesha suti mjini kwa fundi Tamimu na anatembea nayo kijijini jua kali. "Mimi najitolea tu," anasema, "nchi isiaibike." Bibi amesema waende, yeye ni mzee, ndege ataitazama akiwa chini. Mama amesema hatakwenda popote kama mke wa Heche, hata kama ni kwa jina tu, maana akirudi ni nani atakayemrudishia jina lake. Wote wawili wanapalilia shamba moja bila kusemezana, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna mkutano wa ushirika, pale ndipo itaamuliwa: ama Heche, ama nafasi ipelekwe kijiji kingine. Bibi ameniambia, "Wewe ndiye mwenye Kiswahili. Utasema wewe."

Bi Sabaha, nitasema nini? Karani wa ushirika ni baba yake Teresia. Neno nitakalolisema Jumamosi litakuwa bwenini Jumatatu. Baba Mdogo Heche ameniambia wazi, "Ukisimama pale utachekwa mpaka uache shule." Nimefikiri labda nimbembeleze Mama akubali tu, angalau mmoja wao aione hiyo bahari, na mambo ya nyumba yetu yabaki Gorong'a. Nimesoma vitabu vingi lakini sijaona nyumba kama yetu hata katika kimoja, na mara nyingine najiuliza kama ni nyumba kweli. Nishauri. Majina ya watu na ya kijiji nimekuandikia yote kwa kuwa nakuamini. Nakuomba uyabadilishe kabla ya kuchapa, na langu ulifiche.

Msomaji, Kidato cha Tatu, Tarime.

*

Mwanangu, marahaba.

Sikucheka. Nitakueleza ukweli: mimi ni mtu wa Pangani, na barua yako nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka chini nikaenda kuchemsha chai, kwa sababu mshauri asiyejua jambo anyamaze mpaka alijue. Jirani yangu Abdurahmani amefanya biashara ya ngozi huko Tarime miaka mingi. Nikamwuliza. Akanitazama kama nimemwuliza kama jua huchomoza. "Bi Sabaha," akasema, "nimekaa kwenye harusi mbili za namna hiyo, na ya pili nililala palepale kwa kushiba." Basi, nikarudi mezani.

Kwanza nikupe pole. Kutazama ndege ikiondoka na viti vya mama yako vitupu ni uchungu, na huyo afisa aliyewaita wenzake waje kumsikiliza mwanamke kama mchezo wa sarakasi amenikera mpaka chai ikapoa. Pole kwa hilo. Sasa sogea karibu nikugombeze.

Unasema umesoma vitabu vingi na hukuiona nyumba yenu ndani yake. Na walioandika hivyo vitabu walifika Gorong'a lini? Kitu kutokuwa kitabuni si dalili ya kwamba hakipo. Ni dalili kwamba mwenye kalamu hajapita njia hiyo. Wewe umelishwa na shamba la nyumba hiyo, umevishwa sare na mahindi ya nyumba hiyo, umepelekwa kidato cha tatu na nyumba hiyo, halafu unakaa juu ya godoro la shule unajiuliza kama ni nyumba! Nenda kaiulize nyumba ya Heche imempeleka nani kidato cha tatu.

Na hilo wazo la kumbembeleza mama yako asafiri kama mke wa Heche, lifute leo. Mama yako ana akili kuliko wewe na mimi. Amekwisha kuona kwamba jina likiazimwa halirudi kama lilivyotoka. Bibi yako naye, mpe heshima zangu, lakini mwambie kwamba wema wake huu una kosa. Anadhani anamwachia mkewe zawadi, kumbe anamwachia aibu na suti ya Heche.

Unaogopa Teresia atajua. Atajua. Hiyo haiko mikononi mwako tena, tangu siku ile uwanjani watu walipokusanyika. Kilicho mikononi mwako ni kimoja tu, nani atamsimulia. Ukinyamaza atasimuliwa na Heche.

Sasa sikiliza utakalofanya. Kabla ya Jumamosi, waweke mama zako wawili jikoni, uwaambie waanze kusemezana. Mtetezi hasimami mbele ya watu huku nyuma yake kuna wagomvi. Pili, nenda kwa wazee walioshuhudia ng'ombe wakitoka, uwaombe wahudhurie, na uwaombe kwa heshima, usiwatume. Siku yenyewe usianze na ndoa. Kosa la uwanjani lilikuwa hilo: mliulizwa mume, mkajibu mume, na mtu asiyejua mila yenu hakuwa na pa kuanzia. Wewe anza na shamba. Zawadi hii haikutolewa kwa sababu ya kuoana. Wangekuwa wanatoa zawadi kwa kuoana, nchi nzima ingekuwa Bulgaria. Ilitolewa kwa sababu ya jembe. Waulize nani alilima. Wakishajibu, ndipo uwaeleze nyumba ilivyo, bila kuomba radhi hata kwa neno moja. Mwombe mwenyekiti apeleke simu ya maandishi huko kwa wenyeji, awaulize kama watawapokea wakulima wawili wanawake wa nyumba moja na kuwapa vitanda viwili. Wasipowapokea, angalau tutajua ni wao waliokataa. Mpaka sasa sijasikia kwamba kuna mtu aliyewauliza.

Na hiyo sauti. Sauti ndogo si ugonjwa. Vuta pumzi, mtazame mtu aliyekaa nyuma kabisa, useme naye huyo.

Halafu uniandikie.

*

Bi Sabaha, shikamoo.

Gazeti lenye jibu lako lilifika Tarime siku mbili kabla ya mkutano, na nililisoma nyuma ya jiko la shule. Ijumaa nilipofika nyumbani nilifanya kama ulivyoniagiza. Niliwaita jikoni nikawasomea, kwa Kikurya, mpaka pale uliposema wema wa Bibi una kosa. Niliogopa. Bibi akamwuliza Mama, "Ghati, ni kweli nilikuwa nakuuza?" Mama akasema, "Ulikuwa unanigawa." Bibi akasema, "Basi sikugawi." Mama akampa kiazi kilichokuwa motoni, na ugomvi ukaisha hivyo.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la ushirika. Watu walikuwa wengi, maana Heche alikuwa ametangaza. Alikaa mbele, suti vifungo vyote vimefungwa, jasho linamtiririka. Mwenyekiti wa ushirika akasema shauri la Bulgaria linaanza, nani anasema kwa niaba ya nyumba ya Nyangwine. Heche akainuka. Na mimi nikainuka.

"Kaa chini, binti," Heche akasema. "Hili ni la wanaume."

"Hata mahindi yalikuwa ya wanaume?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma, na wanawake wakacheka. Nikamtafuta huyo mama kwa macho. Ni mke wa fundi baiskeli, namjua. Nikaamua nitasema naye yeye.

Nikaanza na shamba. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza mkutano. Shamba la Nyangwine, mwaka huu nani alilima?" Yule mama akajibu, "Wegesa na Ghati!" Nikauliza nani alipalilia, nani alivuna, nani alibeba mpaka ghala hili lililo nyuma ya mwenyekiti. Mara ya tatu walijibu wote, hata wanaume, kama shuleni tunapojibu kwa pamoja. Nikasema, "Basi mkulima bora na mwenzi wake ndio hao, na mwenzi huyo ni mke wa nyumba ya Wegesa, na mimi ni mtoto wa nyumba hiyo." Nilisikia sauti yangu ikigonga bati la ghala na kurudi. Sikuwahi kuisikia ikirudi.

Mwenyekiti ni mtu wa Mugumu, anazijua mila zetu lakini alitaka ziwe wazi. Akasema, "Nani anathibitisha ndoa hii?"

Mzee Matiko, jirani yetu, nilikuwa nimemwomba aje. Akasimama na fimbo yake. Akasema, "Mimi nilihesabu ng'ombe." Mzee mwingine akasimama, "Mimi nilikula." Wakasimama wengine, hata ambao sikuwaomba, mmoja baada ya mwingine. Kisha mzee Matiko akamgeukia Heche.

"Na wewe mura, mbona umekaa? Ulikuwa kijana wa kuwaswaga ng'ombe siku hiyo. Yule jike mwenye baka jeupe alikutupa mtoni, tukakutoa tukakuvika blanketi la Wegesa. Simama uthibitishe."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Heche alisema, "Hilo la mto halihusiani." Mzee Matiko akasema, "Blanketi linahusiana." Heche akasimama. Bi Sabaha, nakuambia kweli, alisimama, akasema kwa sauti ambayo safari hii ilikuwa ndogo kuliko yangu, "Ndiyo, ng'ombe waliswagwa." Bibi akamwita palepale, akamwambia akae karibu naye, na suti hiyo asiiuze, ataivaa siku ya kumsindikiza kwenye ndege.

Mwenyekiti alipeleka simu ya maandishi. Jibu lilichukua muda, na siku hizo nilikuwa shuleni na sikuweza kusoma hata ukurasa mmoja nikauelewa. Kisha ikaja habari: wenyeji wanawakaribisha kina mama wakulima wa Tarime, na vitanda viwili ni vyao.

Safari ya pili uwanja wa ndege haukuwa mwema kuliko mara ya kwanza, usidhani. Ndege ilichelewa kwa mvua, mstari ukahamishwa, na kipaza sauti kikakoroma. Kijana wa mizani alimkumbuka Bibi na kumwuliza kama kuna maziwa. Bibi akampa kibuyu kidogo alichokuwa amemwandalia yeye peke yake, akamwambia, "Hiki hakipandi ndege." Heche alikuwepo na suti yake, akiwaambia watu yeye ni wa familia.

Kwa pasipoti alikuwa afisa yuleyule. Alitutazama, akamtazama mwenyekiti wa ushirika, aliyetusindikiza, amesimama nyuma yetu, akanigeukia mimi. "Haya. Leo nani ni nani?"

Nikavuta pumzi. Nikamtazama mtu aliyekuwa mwisho wa mstari. Nikasema, "Huyu ni Wegesa Nyangwine, mkulima bora wa wilaya. Huyu ni Ghati, mkulima mwenzake na mke wa nyumba yake. Wamealikwa wote wawili kwa majina yao. Mimi ni mtoto wao."

Yule afisa alipiga muhuri wa kwanza, akapiga wa pili. Akasema, "Si mngesema tangu mwanzo kwamba ni wakulima wawili?"

Nikamtafsiria Bibi. Bibi akasema, na mimi nikalirudia neno kwa neno, kwa sauti kubwa zaidi ya yake: "Hakutuuliza shamba. Alituuliza mume."

Watu wa mstarini wakapiga makofi. Hata afisa alicheka, na safari hii hakumwita mtu. Wakapita. Mama alivaa viatu vyake palepale mlangoni, akashikilia mkono wa Bibi, wakavuka kwenye uwanja uliolowa maji na kupanda ngazi, Bibi mbele. Ndege ilipopaa Heche alivua koti akalipunga mpaka tukaacha kuiona.

Wamerudi Alhamisi iliyopita. Mama amenenepa. Anasema walikuwa wanaletewa chakula na watu wanaosema asante kwa kurudishiwa sahani tupu, na siku ya tatu alitoroka akawasaidia kuosha vyombo, wakamrudisha kitini. Bibi aliingia baharini mpaka magotini akayaonja maji. Tangu arudi anawaambia watu wote wanaokuja kumsalimu, "Maji mengi namna ile, na ng'ombe hawezi kunywa! Wale watu wana subira." Lakini nimemwona jioni, akidhani hayupo mtu, anasimama kizingitini na kutazama mbali kama bado anayaona.

Waliniletea bati la pipi lenye picha ya waridi. Jumapili nilirudi nalo shuleni. Teresia alikuwa ameshasikia kutoka kwa baba yake, lakini alikuwa hajaniuliza, alikuwa anangoja niseme mwenyewe, na hilo nitamshukuru daima. Jumatatu asubuhi, kabla mwalimu wa hesabu hajaingia, nilisimama mbele ya darasa nikalifungua lile bati. Nikasema, "Pipi hizi zimetoka Bulgaria. Zimeletwa na bibi yangu na mke wake, ambaye ni mama yangu." Mvulana mmoja wa nyuma akauliza nimesemaje. Nikarudia. Akauliza ilikuwaje, na nikaeleza, na walipomaliza kuuliza nikapita dawati kwa dawati nikagawa, kila mtu pipi moja, mwalimu naye nikamwekea mbili mezani. Kisha nikakaa nikafungua daftari la hesabu.